Sekunde Arobaini na Tano

Mshipa wa kisigino changu cha kushoto ulichanika kidogo siku ya Jumanne, katikati ya mazoezi. Sikuanguka. Nilichechemea hadi nyumbani nikimshukuru Mungu kwamba haukukatika wote, na nikijua kabisa kwamba nitakimbia tena. Mashindano ya viwanda yalikuwa yamebakiza wiki kumi, na katika mbio za kupokezana vijiti kipande cha mwisho, chenye mlima, kilikuwa changu kwa miaka minne mfululizo.

Wifi yangu hakuwa na uhakika kama wangu. Tunafanya kazi kiwanda kimoja cha mikate, mimi kwenye trei, yeye kwenye tanuri, na ndiye nahodha wa timu.

"Pumzika, wifi," aliniambia. "Hicho kipande nitakimbia mimi. Kaka yangu alioa mke, hakununua farasi."

"Majina yanapelekwa lini?"

"Baada ya wiki sita."

"Basi usiguse nafasi yangu hadi siku hiyo."

Hospitali walinipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mfupi mwenye viganja vipana. Wagonjwa walimwita Fundi, naye aliitika. Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili, baiskeli isiyokwenda popote, mikanda ya mpira iliyoning'inia kwenye msumari, na ngazi ya mbao yenye vidato vitatu. Alinipima vigimbi kwa futi ya fundi cherehani. Cha kulia sentimita thelathini na sita, cha kushoto thelathini na nne.

"Kisigino hakiponi kwa kulala, dada, wala kwa kukurupuka," alisema. "Kinataka mzigo wa kiasi, kila siku."

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi kulisikia. Nisimame ukingoni mwa kidato kwa ncha ya mguu mmoja, kisigino kikiwa juu, nitulie hivyo sekunde arobaini na tano. Nipumzike, nirudie, mara tano asubuhi na mara tano jioni. Siku nitakayoweza kupanda na kushuka mara ishirini na tano bila kushika ukuta, atanipima kwa kuruka, kisha aniandikie barua ya kukimbia.

Kiwandani hatuingii na saa wala simu karibu na unga, lakini mimi nilikuwa na kipimo changu. Mama alitufundisha sala ya kuwataja watu wa nyumbani mmoja mmoja: mume, watoto, mama mkwe, wagonjwa, hata wasiotupenda, kisha shukrani na amina. Niliipima nyumbani kwa saa ya ukutani, nimekaa kitini. Sekunde arobaini na tano kamili. Niliona ni mkono wa Mungu. Tangu siku hiyo nilisimama ukingoni mwa chaga la mbao la kuwekea magunia ya unga kabla ya zamu na baada yake, nikasali na kushuka, nikasali na kushuka.

Wiki ya tatu Fundi akanipima tena. Thelathini na nne vilevile.

"Dada, zoezi unafanya?"

"Asubuhi na jioni. Mungu ni shahidi yangu."

"Mungu simuulizi, nakuuliza wewe."

"Sijazoea kuitwa mwongo."

"Sijakuita. Panda hapo, nionyeshe unavyofanya kazini."

Nilipanda, nikasali kimya kimya, na nilipofika amina nikashusha kisigino. Fundi alikuwa ameshika saa yake.

"Sekunde kumi na tisa."

"Hiyo saa yako ni mbovu."

Akanigeuzia niione inavyotembea. Nikarudia. Kumi na saba.

"Unahesabu kwa nini?" aliniuliza. Ikabidi nimweleze. Hakucheka. Akasema, "Hebu sali kwa sauti."

Nikasali kwa sauti, ndipo nikajisikia. Mume wangu alipata jina lake. Watoto watatu walipita kama mzigo mmoja. Mama mkwe nilimmeza nusu, na wasiotupenda sikuwafikia kabisa. Kisigino kilipoanza kuwaka, ulimi ulitoka mbio. Nimekimbia tangu nina miaka kumi na miwili, na mwili wangu unajua dawa moja tu ya maumivu: ongeza mwendo, mwisho uko karibu.

"Mkwe wako amepata nusu sekunde," Fundi alisema. "Akijua, utalala nje."

Nilikaa kwenye kidato cha chini. Kilichoniuma wakati huo hakikuwa kisigino. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemkimbiza Mungu kama mpinzani.

"Nimebakiza wiki tatu," nilimwambia. "Zinatosha?"

"Zinaweza kutosha, ukikubali kukaa panapouma."

Kesho yake, juu ya chaga, nilianza upya. Kila mtoto nilimtaja peke yake, na pumzi yake, na haja yake. Pale kisigino kilipowaka ndipo nilipopunguza mwendo makusudi, na mama mkwe akaombewa hadi magoti yake yote mawili. Nilimwongeza wifi, kisha mzee aliyekuwa akijifunza kutembea upya katika chumba cha Fundi. Wiki ya tano kigimbi kilisoma thelathini na tano. Sikushangaa. Nilikuwa nimeanza kukihisi.

Ijumaa ya majina nilifika kwa Fundi mapema. Alianza na zoezi la kutulia, saa mkononi.

"Muda umeisha, dada."

"Sijamaliza."

Nilishuka kwenye sekunde ya sitini na nane, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha nikapanda na kushuka mara ishirini na tano, mikono kiunoni, mguu ukitetemeka kuanzia ya ishirini. Mwishowe akaniambia niruke kwa mguu huo mara kumi. Mruko wa nane kisigino kilitua chini kizima, puu, kama gunia. Aliona, na mimi niliona.

"Utakimbia," alisema huku akiandika. "Kipande cha tatu, cha tambarare. Mlima bado."

"Ule mlima ni wangu."

"Mwakani utakuwa palepale."

Nilimtazama. Hakuwa akinionea wala kunibembeleza. Nikachukua barua.

Wifi alikuwa mbele ya tanuri, orodha mkononi, nyusi nyeupe kwa unga. Alisoma barua mara mbili.

"Kwa hiyo?"

"Niandike wa tatu. Wewe wa mwisho. Nitakuletea kijiti tukiwa mbele, kazi yako ni kutokidondosha mlimani."

"Na kisigino kikikataa njiani?"

"Hakikatai. Sasa tunaelewana."

Akaandika jina langu kwenye mstari wa tatu, akalikoleza.

"Wiki ijayo uwanjani tujifunze kupokezana," alisema. "Na usinijie na mwendo wa bibi harusi, nitasinzia nikikungoja."

"Wewe anza kukimbia mapema," nilimwambia. "Mimi nafika."