Madai ya Kanga Iliyofuliwa

Usiku wa jana niliota, na hata huko ndotoni nilikuwa nimechoka. Nilikuwa bafuni kwangu, Tanga, nimekalia ndoo iliyofunikwa, nasubiri kuitwa. Ofisi ya madai ya kampuni ya meli ilikuwa imehamia humo. Sikushangaa. Kwa jinsi walivyonizungusha tangu Machi, wangeweza kuhamia popote.

Madai yenyewe nyumba nzima inayajua. Watoto walichanga wakatukatia mimi na mama yao tiketi za safari ya meli ya kitalii, tupumzike. Mama Saumu akafariki kabla ya siku yenyewe. Tiketi hazikuwa za kurudishwa, kwa hiyo binti yetu Saumu akanibembeleza niende, nami nikaenda na sanduku moja. Ndani yake niliweka kanga ya marehemu, ile niliyoikuta kwenye tenga la nguo chafu. Ilikuwa bado na harufu yake. Kila usiku melini niliitandika juu ya mto nikalala.

Siku ya kushuka, wahudumu walikusanya mizigo mapema, bomba likapasuka juu yake. Sanduku langu likalowa chapachapa. Wale vijana, watu wema kabisa, wakatoa kila kitu, wakafua, wakapiga pasi, wakanirudishia kanga kwenye mfuko wa nailoni uliobandikwa gundi, na peremende juu yake. Nikawaambia wameniharibia. Wakanitazama kama mtu aliyepigwa jua.

Sasa, pale bafuni, anaitwa mtu aliyenitangulia, naye ni mwavuli. Anaingia, anatoka amekunjwa. Kisha naitwa mimi.

Nyuma ya meza amekaa mche wa sabuni ya kufulia, wa buluu, amevaa tai.

"Karibu, mzee," anasema. Kila akisema neno, povu dogo linamtoka naye anapungua. "Ufupishe maelezo. Unaniona hali yangu."

"Si wewe uliyeifua?"

"Ndiye mimi. Na ndiye ninayesikiliza shauri. Kampuni imepunguza wafanyakazi."

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, lazima niseme ukweli. Kisha akasema kanuni inataka madai yatolewe kabla abiria hajashuka, na mimi nimeshashuka.

"Basi tumeshindwana hapo," nikasema, nikaanza kuinuka. Magoti yaliuma kama yanavyouma nikiwa macho.

"Keti, mzee. Hilo linarekebishika." Akafungua bomba, akalinong'oneza.

Meli ikaja. Ilipitia uani, taratibu, ikiinamisha bomba lake la moshi isikate kamba ya kuanikia nguo. Jirani akatoa kichwa dirishani, akalalamika kuhusu kelele, akarudi kulala. Nikapanda ngazi. Juu, sitaha ilikuwa ni ua wangu uleule, na banda la kuku lile lile, ila sasa ulikuwa unayumba.

"Vema. Hujashuka," anasema Sabuni. Tayari amebaki nusu. "Kanuni ya pili. Uchakavu wa kawaida haulipwi. Simama wima."

"Iliyoharibika ni kanga."

"Tunakagua mdai kwanza."

Akanizunguka akiteleza. Akaandika kwa povu hewani kwamba goti la kushoto lilikuja hivyo, mgongo ulikuja hivyo, na usingizi ulikuwa umeshapungua kabla ya safari. Sikubisha, maana yote yalikuwa kweli.

Sanduku langu likaletwa kutoa ushahidi. Lilikuja likichechemea kwa gurudumu moja.

"Nililowa," likasema. "Hakuna aliyeniuliza hali yangu. Wote kanga, kanga."

"Pole," nikaliambia.

"Imechelewa," likasema, likakaa pembeni na kununa.

Sabuni akakohoa. Sasa alikuwa kama kipande kile kinachobaki ukingoni mwa beseni. "Mzee, tuletee sampuli ya harufu iliyopotea, tuipime."

"Ningekuwa nayo ningedai nini?"

"Ndivyo wasemavyo wote. Basi shahidi."

Nikataka kusema sina shahidi, lakini kitunguu kilikuwa kinakaangwa mahali. Nikageuka. Mama Saumu alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa, pale uani melini, anageuza vitunguu kwa mwiko. Amevaa gauni lake la kushindia. Hakushangaa kuniona, na mimi nikaona haya kushangaa peke yangu.

"Baba Saumu," akasema bila kuinua macho, "umenidhalilisha."

"Mimi?"

"Kanga ile niliitupa kwenye tenga Alhamisi, niifue Ijumaa. Ijumaa sikuifikia. Nikajua atatokea mwenye akili ataifua. Watu wamekuja arobaini yangu, wamekula pilau, nguo yangu chafu imekaa chumbani. Kisha ukaipandisha melini, ikatembezwa mbele ya wazungu."

"Sikuitaka safi."

"Ilikuwa inanuka samaki."

"Najua ilikuwa inanuka nini."

Sabuni akainua mkono mdogo. "Shahidi amethibitisha. Kazi iliyokuwa imepangwa imefanyika. Hakuna hasara."

Nilikaa chini, sakafuni. Nilikuwa nimechoka na kanuni, nimechoka kuambiwa nguo imerudi nzuri kuliko ilivyokwenda. Nikasema lile ambalo sijamwambia hata Saumu.

"Sauti yako imeanza kunipotea, Mama Saumu. Najaribu kukumbuka ulivyokuwa ukiniita, naisikia sauti ya dada yako. Ilibaki ile harufu tu. Naogopa nitakusahau nikiwa hai."

Hata sanduku liliacha kununa. Vitunguu vikaanza kuungua, na yeye maishani mwake hakuwahi kuunguza vitunguu.

"Ilete hapa," akasema.

Mfuko ulikuwa mkononi mwangu. Aliichukua kanga, mfuko ukabaki umebandikwa vilevile. Akaifunga kiunoni. Akaepua kikaango, akajifuta mikono kwenye kanga, kushoto, kulia, kama alivyofanya kila siku ya Mungu huku nikimwambia kuna taulo. Akatoa mdomoni karafuu aliyokuwa akitafuna kwa ajili ya jino lake la nyuma, akachomoa nyingine kavu kifuani alikozihifadhi, akaiweka kwenye pindo la kanga. Akafunga fundo. Mafundo yake yalikuwa balaa. Alikuwa akiyafunga yeye, nayafungua mimi kwa meno.

"Haya," akasema. "Na hii ikiisha harufu, usidai tena. Mpe Saumu aivae."

"Kitu kwa kitu," akasema Sabuni. Alikuwa mwembamba kama ukucha. "Madai yamelipwa. Mzee, shuka polepole, ngazi ina povu." Kisha akaisha.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, kuku wanapiga kelele. Saumu alikuwa mlangoni, simu mkononi, na uso ule anaouvaa akiwa na habari mbaya anazotaka kunilainishia.

"Baba, shikamoo. Kampuni imejibu. Wanasema hakuna uharibifu ulioonekana. Nikate rufaa?"

Nikainuka. Nikafungua kabati. Mfuko wa nailoni ulikuwa palepale, gundi haijaguswa, peremende juu. Ndani, kanga imekunjwa kwa pasi, mistari imenyooka, isipokuwa pembe moja. Pembe hiyo ilikuwa na fundo dogo, limekazwa. Nililibonyeza kwa kidole juu ya nailoni. Kulikuwa na kitu kigumu ndani, kidogo, chenye kichwa.

"Baba?"

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Waandikie kwamba wameshalipa."