Mikono ya Mama Pacha

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, Fundi Futi na mwanafunzi wake walikaa kwenye benchi nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, wakajaza fomu. Fomu ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: Wiki hii mwanafunzi amejifunza nini? La pili: Mlezi ana maoni gani? Kiwanda kilishona nguo za kazi, maovaroli na aproni na makoti ya wauguzi, na mwaka huo uongozi ulikuwa umeanzisha mpango wa ulezi kazini. Kila fundi mkongwe apewe mgeni mmoja, amlee kwa miezi sita, amkabidhi akiwa fundi.

Fundi Futi alikuwa mkataji mkuu kwa miaka ishirini na miwili. Jina hilo alilipata kwa sababu ya futi kamba iliyoning'inia shingoni mwake hata siku za mapumziko. Mkewe alizoea kusema kwamba siku ya kumwosha maiti yake itabidi waanze kwa kuifungua hiyo kamba.

Mwanafunzi wake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye mabinti pacha, kwa hiyo kiwanda kizima kilimwita Mama Pacha. Alikuja hajui hata kushika mkasi mkubwa. Kufika mwezi wa nne alikuwa anakata kola kwa mashine bila kupepesa. Fundi Futi alijisifu naye wakati wa chai. "Huyu nimemfinyanga mimi," alisema, na wenzake wakamwambia haya, mfinyanzi, maliza chai yako. Mama Pacha alimwita Mwalimu, na alipotaka kuuliza jambo alinyoosha mkono kwanza kama mtoto wa darasani, ingawa mezani walikuwa wawili tu. Fundi Futi alimwambia mara nyingi kwamba haina haja. Hakumwambia kwamba ilimpendeza.

Jumatano moja ya mwezi wa tano, mezani palikuwa na kazi ya hospitali. Kitambaa kilikuwa kizito, upande wa juu unang'aa, wa chini umepauka, kwa hiyo hakigeuziki. Kwa kitambaa cha namna hiyo, kigezo cha karatasi ngumu cha mkono wa koti huchorwa mara moja, kikapinduliwa, kikachorwa tena, ili upatikane mkono wa kulia na wa kushoto. Fundi Futi alikuwa ameamka na jino. Alichora, akachora, akachora, bila kupindua.

Mama Pacha alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hii mikono si yote ya kushoto?"

Mpiga pasi na watu wa vifungo walikuwa karibu, wanasikia. Jino lilimpiga Fundi Futi mpaka kwenye jicho.

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha? Kata."

Akakata. Tabaka zilikuwa themanini.

Makoti yalipofika kwa washonaji ilionekana kwamba kila moja lina mikono miwili ya kushoto. Ijumaa asubuhi Meneja aliwaita wote wa meza ya kukatia ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mpole, asiyepandisha sauti, aliyependa mambo yaishe kabla ya saa sita.

"Nani alishika mashine?" aliuliza.

"Yeye," alisema Fundi Futi.

Hilo lilikuwa kweli. Lilikuwa kweli tupu lisilo na doa, na ndiyo maana lilimtoka kirahisi.

"Mama Pacha, una la kusema?"

"Mwalimu anajua," alijibu Mama Pacha.

Watu wakamgeukia Fundi Futi. Akashika ncha ya futi kamba yake, akaanza kusoma namba, moja, mbili, tatu, kama mtu anayehakikisha kwamba bado zimepangwa vile vile. Hakuna aliyemharakisha. Alipofika arobaini Meneja alifunga faili. Saa sita Mama Pacha alirudisha aproni, akakunja mfuko wake, akatoka getini. Alasiri Fundi Futi alijaza fomu peke yake. Penye maoni ya mlezi aliandika: Hakufuata maelekezo.

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini na tano asubuhi, mikono ya Mama Pacha ilifika kazini.

Ilikuja kwa vidole, ikifuata ukuta ili isikanyagwe, wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Ilikuwa imeoshwa na kucha zimekatwa. Kwenye vifundo, pale ilipoishia, ngozi ilikuwa imefungwa vizuri kama pindo la nguo. Getini ilisubiri zamu yake. Ulipofika wakati, mkono wa kulia ulipanda kwenye mashine ya mahudhurio, ukabonyeza kidole gumba, na mashine ikasema: Asante, umetambuliwa.

Mlinzi alifikiri kidogo. "Niliyeambiwa nisimruhusu ni Mama Pacha," alisema. "Hii ni mikono." Akaifungulia.

Ikaenda moja kwa moja mezani, ikachukua chaki. Ilifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni bila kwenda chooni wala chai. Wenzake waliizoea kabla ya siku kwisha. Mpiga pasi aliiwekea kitambaa safi cha kujifutia. Afisa utumishi alisumbuka kidogo, kwa kuwa mikono haikuwa na mkataba na sheria haikusema lolote kuihusu. Mwishowe aliiandikisha kwenye daftari la vifaa, baada ya mikasi na kabla ya pasi: mikono, jozi moja, hali nzuri.

Fundi Futi alifanya kazi kando yake. Ilimpa mkasi kabla hajauomba. Ilimwondolea nyuzi begani. Hakuweza kuitazama.

Wiki ya pili Meneja alishuka kuitazama mwenyewe. Mezani palikuwa na kitambaa kile kile cha hospitali, kazi inarudiwa. Mikono ililaza kigezo, ikachora. Ikakipindua, ikachora tena. Kisha mkono wa kulia ukanyooka juu, vidole pamoja, ukabaki hivyo hewani.

"Siku ile pia aliunyoosha," alisema mpiga pasi. "Alimwambia Fundi kwamba yote ni ya kushoto. Akaambiwa kata."

Watu wa vifungo walisema ndiyo, hata wao walisikia. Meneja akautazama mkono, akamtazama Fundi Futi, akatazama saa yake.

"Nimeona," alisema. "Ila ripoti ilishakwenda juu. Endeleeni na kazi."

Alipoondoka mkono ulikuwa bado umenyooka. Ulikaa hivyo karibu robo saa, na kazi imesimama. Fundi Futi aling'amua kwamba unasubiri ruhusa.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ndogo, na mkono ukashuka.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alikwenda nyumbani kwa Mama Pacha. Kilikuwa chumba kimoja mwisho wa ukumbi mrefu, chenye pazia la maua mlangoni. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Mabinti walikuwa shuleni. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na kijiko juu yake.

"Hodi," alisema Fundi Futi.

"Karibu, Mwalimu. Samahani, siwezi kukupa mkono."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliulizia watoto, akaambiwa hawajambo. Akaulizwa jino, akasema lilishang'olewa.

"Hujala?" aliuliza.

"Wanangu hunilisha wakirudi. Mikono yenyewe hufika kwenye saa kumi na mbili, imechoka, siitumikishi tena."

Fundi Futi alifunua sahani. Alianza kumlisha, kijiko baada ya kijiko. Hakuwa amewahi kumlisha mtu, hata watoto wake aliwaachia mama yao, na mwanzoni alijaza kijiko kupita kiasi. Mama Pacha alitafuna taratibu huku akimtazama usoni.

"Kwa nini unaituma?" aliuliza Fundi Futi.

"Mimi siitumi. Alfajiri inaamka yenyewe, inaoga, inaondoka. Wewe ndiye uliyeifundisha kuwahi."

Akampa kijiko kingine.

"Nimekwenda kwa mafundi watatu kuomba kazi," aliendelea Mama Pacha. "Wote wananiambia, mama, njoo mchana utuonyeshe unavyokata. Nitaonyesha nini?" Akameza. "Nikuulize, Mwalimu. Ulisahau kupindua kigezo, au ulinitega?"

"Nilisahau."

"Basi ungenifuata tu. Ungeniambia, Mama Pacha, mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nibebee hili. Wallahi ningelibeba. Wewe umenitwika bila kuniomba, tena nikiwa nakuangalia."

Fundi Futi alitazama sahani. Chakula kilikuwa nusu. Alitaka kusema neno alilokuja nalo, lakini akajaza kijiko tena.

"Nenda ukaseme kule," alisema Mama Pacha. "Hapa hakuna meneja. Na ukimaliza kunilisha, nifute mdomo."

Akamfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe.

Siku iliyofuata alisimama mbele ya meza ya Meneja, akavua futi kamba shingoni, akaishika mkononi kama mtu aliyevua kofia. Alisema yote: jino, kigezo, swali, jibu alilotoa. Alisema yeye ndiye wa kufukuzwa. Alisema mpaka mwisho bila kukatizwa.

"Najua, Fundi," alisema Meneja. "Si wote tuliona?"

"Basi arudishwe."

"Nimrudishe kwa kazi ipi? Kazi yake inafanyika." Meneja alifungua daftari la vifaa, akamwonyesha mstari wenyewe. "Na wewe nikikufukuza, wageni nani atawalea? Wiki ijayo naleta wawili. Hiyo mikono itakusaidia sana kufundisha. Watu hujifunza kwa kuona."

"Lakini mwenyewe yuko nyumbani, anakaa na njaa mpaka—"

"Unavaa kamba yako au unaiacha hapa?" aliuliza Meneja kwa upole.

Fundi Futi aliitazama kamba mkononi mwake. Alisikia mashine zinavyonguruma chini. Alifikiria mkewe, na miaka mitatu. Kisha akaivaa.

Jioni hiyo alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akainama mbele ya mikono, akaiambia isije tena, ikae na mwenyewe, hapa hakuna anayeistahili. Mikono ilitulia, imegeuza viganja juu, kama inayosikiliza. Mkono wa kushoto ukamgusa kwenye shavu pale jino lilipokuwa limeng'olewa, ukapapasa kidogo. Halafu yote miwili ikashuka mezani, ikatoka. Asubuhi, saa moja na dakika ishirini na tano, ilikuwa getini.

Wageni wawili walikuja, wasichana waliotoka chuo cha ushonaji. Walikaa mmoja kila upande wa mikono, na kwa miezi minne walikuwa mafundi. Hawakuuliza ni mikono ya nani. Fundi Futi alijaribu kuwaeleza mara moja. Wakasikiliza kwa heshima, mmoja akaandika kwenye daftari lake, Kigezo kipinduliwe, akapiga mstari chini.

Yeye alikwenda kila mchana kwa Mama Pacha. Alijifunza kipimo cha kijiko. Alijifunza kwamba hapendi maji kabla ya chakula. Hawakuongea sana. Siku moja mabinti walirudi mapema kutoka shuleni, na alipowaambia kwamba yeye ni mwalimu wa mama yao, walimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akafuta kijiko ambacho tayari kilikuwa safi.

Mwishoni mwa mwaka uongozi ulifanya hafla katika ukumbi wa kushonea, na meza zikasogezwa ukutani. Meneja alisoma jina la mlezi bora kazini. Fundi Futi alisikia jina lake halisi, ambalo hakuna aliyelitumia siku zote, akasubiri mtu mwingine asimame. Mpiga pasi alimsukuma. Akaenda mbele, akapewa cheti chenye fremu, akaombwa aseme neno moja kwa vijana. Akafungua mdomo.

"Pimeni mara mbili," alisema.

Ukumbi ulipiga makofi. Juu ya meza ya kukatia, mikono ya Mama Pacha nayo ilipiga makofi, na kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine yoyote wakati huo ilipiga kwa nguvu kuliko wote, ikaendelea hata wengine walipokwisha kukaa.

Hotuba zilikuwa nyingi. Siku hiyo Mama Pacha alikula saa tisa, chakula kimeshapoa. Fundi Futi alimwomba radhi kwa kuchelewa, na yeye akamwambia hakuna neno.