Mkono Usiotii

Wembe ulikuwa umeshafika chini ya taya la hakimu pale mkono wa kinyozi ulipoanza kutetemeka. Haukuwa mtetemo mkubwa. Ulikuwa kama wa maji ndani ya glasi lori zito linapopita barabarani. Lakini chini ya wembe huo kulikuwa na ngozi laini ya mzee, na chini ya ngozi kulikuwa na mshipa uliopiga taratibu. Kinyozi akauondoa wembe, akaufuta kwenye taulo lililokuwa begani mwake, akavuta pumzi, akaurudisha. Mkono ukatetemeka tena.

Hakimu, aliyestaafu zamani lakini mtaa mzima ukaendelea kumwita hakimu, alifumbua jicho moja akamtazama kupitia kioo. Povu lilikuwa limemfunika nusu ya uso.

"Kuna nini, fundi?"

"Hakuna kitu, mheshimiwa. Kibaridi tu."

"Kibaridi gani, na feni inazunguka?"

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa akimnyoa mteja mwingine kwenye kiti cha pili; wateja walimwita Redio kwa kuwa alizungumza tangu duka lifunguliwe hadi lifungwe. Redio akadakia: "Mheshimiwa, leo amekutazama kwa karibu mno. Ameogopa!"

Watu wakavunjika mbavu. Kinyozi naye alijaribu kucheka, lakini midomo ilikuwa imekauka, ikanata kwenye meno. Akampa Redio wembe.

"Nimalizie," alisema, akatoka nje, akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri mvua ambayo hakuna aliyeitabiri.

Ugonjwa wake haukuwa na kisa cha kusimulia. Hakufiwa, hakufilisika, hakuna aliyemwonea. Furaha ilimtoka kidogo kidogo, kama rangi inavyolitoka shati kwa kufuliwa, hata siku moja akatazama akakuta limebaki la kijivu. Kwa muda mrefu kidonge kimoja cha kila asubuhi kilimshika asizame. Kisha kikaacha kumshika. Ndipo daktari, mwanamke kijana asiyekuwa na papara, alipomwongezea cha pili.

"Kabla hujapata nafuu huenda ukapata taabu," daktari alimwambia. "Mdomo utakauka, usingizi utakukimbia, mikono inaweza kutetemeka. Na hili nisikilize vizuri: mwili unaweza kupata nguvu kabla moyo haujapata. Fikra mbaya zikikujia, usizifungie ndani. Niambie mimi, mwambie mkeo, mwambie yeyote."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anavyoitikia salamu ya mpita njia. Alidhani hizo fikra angezitambua zikija. Kwamba zingekuja na kishindo.

Tangu siku ile ya hakimu akawa hashiki wembe. Alinyoa kwa mashine tu, na hata mashine ilimsumbua. Kijana mmoja aliyekuwa anaoa alisimama mbele ya kioo akalitazama paji la uso wake, ambapo mstari ulikuwa umekwenda upande, akasema kwa upole, "Si neno, fundi, nitavaa kofia." Upole huo ulimchoma kuliko tusi. Redio aliendelea na mizaha yake kwa muda, kisha akaacha kumtania, na kimya hicho nacho kikawa kama hukumu.

Watu hawakujua kwamba mkono ndio uliokuwa umebaki. Chakula kilikwisha kupoteza ladha, muziki ukawa kelele, mke wake akiwa kando yake kitandani alikuwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Lakini mkono uliendelea kuvijua vichwa vya watu: kisogo kilichobonyea, nywele zinazoota kwa kuzunguka, kovu lililojificha nyuma ya sikio. Ulifanya kazi bila kumwuliza yeye kama anataka kuishi. Siku zote alikuwa ameufuata mkono wake kwenda kazini kama kipofu anayeshikwa mkono. Sasa kiongozi naye amepotea.

"Kula kidogo basi," mkewe alimsihi jioni moja. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na baada ya kutwa nzima ya kuwabembeleza watoto, sauti ilikuwa imemkauka.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni." Akaisukuma sahani kando. "Mume wangu, rudi kwenye kile kidonge kimoja. Hiki cha pili kimekuja kukumaliza."

"Na kile kimoja kilikuwa kimenifikisha wapi?"

Mkewe akairudisha sahani mbele yake.

"Nikipunguza nazama. Nikiongeza natetemeka. Niambie wewe, nisimame wapi?"

Mkewe akaanza kukusanya vyombo. Kutoka jikoni maji ya bomba yalisikika yakimwagika kwa muda mrefu kuliko sahani zilizokuwepo. Kinyozi alijua kwamba mkewe analia, akajua pia kwamba anapaswa kuinuka amfuate. Hakuinuka. Alikaa akiutazama mlango wa jikoni, na ndani yake hapakuwa na huruma wala hasira, palikuwa na uchovu tu, usio na mwanzo wala mwisho.

Asubuhi iliyofuata aliwahi dukani peke yake. Alifagia, akafuta vioo, akatoa nyembe zake za zamani, zile za mpini wa kukunja alizozinunua alipoanza kazi, akaanza kuzisafisha kwa beseni la maji ya sabuni. Hakujua alisimama pale kwa muda gani. Alichokuja kukigundua ni kwamba kitambaa kilikuwa kimeanguka sakafuni, na alikuwa hasafishi tena kitu. Alikuwa ameushika wembe mmoja, anautazama. Na kwa mara ya kwanza tangu aongezewe dawa, mkono wake ulikuwa umetulia tuli.

Fikra haikuja na kishindo. Ilikuja kistaarabu kama mteja anayeingia, anasalimia, anauliza kama kiti kipo wazi. Ilimwambia kwamba mapumziko yapo karibu, na kwamba hakuna atakayemlaumu mtu aliyechoka namna hii. Kilichomtisha si maneno hayo. Kilichomtisha ni kwamba yalimwingia akilini kama jambo la kawaida, na kwamba alikuwa ameanza kuyajibu.

Akaliona povu kwenye beseni, likipasuka kiputo baada ya kiputo. Akaufunga wembe. Akazikusanya nyembe zote, akazikunja ndani ya taulo, akatoka nazo akiwa amezibana kifuani, bila kufunga mlango.

Alikutana na Redio kwenye kona, akija mbio kwa sababu amechelewa, udhuru wake ukiwa tayari mdomoni.

"Shemeji, usinigombeze, leo hata saa yenyewe—"

"Chukua hizi."

"Nini?"

"Nyembe. Chukua. Usinirudishie hata nikikuomba. Hata nikikugombeza."

Redio alipokea lile furushi. Alilitazama, kisha akamtazama shemeji yake usoni, na yule mtu asiyekosa la kusema akakosa la kusema. Watu waliwapita huku na huku.

"Ilikuwa karibu, shemeji?"

"Karibu."

Hakuuliza tena. Alilitia furushi kwenye mkoba wake, akamshika mkono juu ya kiwiko kama mtu anayemvusha mzee barabara, wakaenda moja kwa moja kwa daktari. Duka likabaki wazi.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho. Hakushtuka, wala hakumhubiria. Alimwuliza maswali ya wazi, yale ambayo wengine huyazungukazunguka, naye akayajibu akiangalia viatu vyake. "Tulipandisha dozi kwa haraka mno," daktari akasema. Akampunguzia hadi dozi ya katikati, kidonge na nusu, akamtaka arudi baada ya siku chache, akasema kwamba mpaka hapo asiachwe peke yake.

"Nitapona?" kinyozi aliuliza.

"Wengi hupona. Wewe sijui itachukua muda gani. Ningekudanganya nikisema najua."

Nyumbani alimwambia mkewe mwenyewe, mbele ya Redio, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akampiga kifuani kwa ngumi isiyo na nguvu.

"Ungeniacha niletewe habari na watu!" alisema. "Na watu!" Akampiga tena, halafu akabaki ameliegemeza paji la uso hapo hapo alipopiga. Kinyozi aliweka mkono juu ya mgongo wake. Mkono ulitetemeka, naye hakuuondoa.

Kesho yake mkewe hakuwa na ruhusa ya kutokwenda kazini, na Redio alikuwa na duka. Kwa hiyo kinyozi akaenda chekechea. Alikaa nyuma ya darasa kwenye kiti kidogo cha plastiki, magoti yakimkaribia kidevu, mbele yake meza yenye madoa ya rangi.

"Mwalimu, huyu ni mwanafunzi mpya?" aliuliza msichana mwenye pengo la meno ya mbele.

"Ndiyo."

"Mbona mkubwa?"

"Amechelewa kuanza."

Darasa liliridhika na jibu hilo, likaendelea na irabu. Kinyozi hakuimba pamoja nao. Kichwa chake kilikuwa kizito, ulimi ulikuwa kama kipande cha ubao, na kila sauti ilimfikia kama imepita kwenye blanketi. Aliwaza jinsi siku hii itakavyokwisha na kufuatwa na nyingine ya namna hii hii, na nyingine, na hakujua atazibeba kwa mabega yapi.

Kengele ilipogongwa watoto walitoka kwa fujo, viti vikaanguka. Mkewe aliwafuata hadi barazani, akasimama mahali anapoweza kuwaona wao na kumwona yeye. Darasa likawa kimya. Vumbi la chaki lilikuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye meza ya karibu mtu alikuwa ameacha picha ya nyumba isiyo na mlango, nusu imepakwa rangi, kalamu ikiwa imelala juu yake.

Aliitazama nyumba hiyo kwa muda mrefu. Kisha akageuza kichwa kuelekea barazani, kelele zilikokuwa, kuona kama mwenye picha anarudi.