Masikio ya Mulume

Mudathiru alikuwa na karakana ndogo ya redio na simu karibu na soko la Kamembe. Kila siku alitengeneza vitu vya watu, isipokuwa Ijumaa mchana. Akitoka msikitini siku hiyo, alifungua mlango nusu tu ili wateja wasiingie, akamngoja rafiki yake Mulume, na wawili hao wakajenga vitu vyao wenyewe.

Walijenga ampli za kaski. Kaski ni zile spika mbili za kufunika masikio, na ampli yake ni kisanduku cha kuitia sauti nguvu kabla haijafika sikioni. Hawakuwa wakiziuza. Walijenga moja, wakaisikiliza miezi kadhaa, wakaanza kubishana kuhusu itakayofuata.

Mulume alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, akahamia upande huu wa Rwanda akiwa tayari na mke. Kule alipiga gitaa la besi kwenye harusi. Huku alifundisha kwaya ya kanisa. Walijuana siku alipoleta kaski yake itengenezwe. Alipoijaribu alisema upande wa kushoto uko chini kidogo kuliko wa kuume. Mudathiru hakusikia tofauti yoyote. Alipima kwa mita, akakuta ni kweli. Tangu hapo Mudathiru alilehemu, Mulume akasikiliza, na hakuna kisanduku kilichofungwa parafujo kabla Mulume hajasema kimekamilika.

Ijumaa moja walikutana kuchagua kazi mpya. Juu ya meza Mudathiru alikuwa amepanga alichokipata. Kulikuwa na lampi mbili za kioo, zile za kukuza sauti, alizozitoa kwenye redio ya zamani ya mteja wake, marehemu mzee Twagirayezu, na transfo yake nzito ya kubadilisha umeme. Pembeni kulikuwa na vipuri vidogo vya ampli ya betri, ya kubeba mfukoni.

"Ya lampi itachukua muda," alisema, "na ina umeme mkali. Lakini wanasema sauti yake ni laini. Hii ya mfukoni tutaimaliza upesi. Wewe unataka ipi?"

"Chagua wewe."

Mudathiru alishangaa. Mara ya mwisho walikuwa wamebishana karibu mwezi mzima juu ya kipuri kimoja.

"Basi sikiliza kwanza," alisema. "Nimeunganisha ya mfukoni kwa majaribio. Ukiipenda tutaendelea nayo. Usipoipenda, tunakwenda kwenye lampi."

Mulume alivaa kaski, akafumba macho. Mudathiru aliwasha muziki kwenye simu. Baada ya muda kidole cha Mulume kilianza kugonga goti, taratibu.

"Hii iko muzuri," alisema. "Besi inashuka bila kuvimba. Na huku juu iko wazi kabisa."

Mudathiru alifurahi. Alinyoosha mkono apandishe sauti kidogo, ndipo alipoona waya wa kaski. Ncha yake ilikuwa imelala mezani, kando ya ampli. Alikuwa amesahau kuichomeka.

Aliichomeka polepole. Uso wa Mulume haukubadilika, na kidole kiliendelea kugonga goti, nje kabisa ya mdundo uliokuwa ukivuja kwenye kaski.

"Mulume."

Hakuitika. Mudathiru aliita tena kwa nguvu, kisha akamgusa bega. Mulume alifumbua macho, akaona mkono mmoja wa Mudathiru bado umeshika ncha ya waya, akamtazama na yeye, akaelewa. Alivua kaski na kuiweka chini kwa uangalifu.

"Tangu lini?" Mudathiru aliuliza.

Mulume alimtazama midomo. Sasa Mudathiru alitambua kwamba kwa miezi mingi rafiki yake amekuwa akivuta kiti ili wakae uso kwa uso, penye mwanga wa mlango.

"Tangu mvua za mwaka jana. Sikio la kuume ndilo lilianza. Nikafikiri ni uchafu."

"Umekwenda kwa dokta?"

"Nilikwenda Bukavu, nikaenda na Kigali," alisema, akirudia Kiswahili cha Bukavu. "Bote banasema mamoja. Mushipa ya ndani inakufa. Haina dawa. Balinijaribisha kile kifaa cha sikio, kikaniletea makelele tu. Maneno hayaingie."

"Na kwaya?"

"Balinipumzisha kwenye Pasaka. Balisema ni mapumziko."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniita tena Ijumaa?"

"Ningekuita," alisema Mudathiru. Lakini alikawia kidogo kabla ya kujibu, na Mulume alikuwa bado anamtazama midomo.

Juma lililofuata Mudathiru alifunika lampi na vile vipuri vya mfukoni kwa gazeti. Alikuwa amekwisha kuchagua. Alisoma kwenye simu kuhusu kaski zisizopitisha sauti kwenye tundu la sikio, bali huipitisha kwa kutikisa mfupa wa nyuma yake. Maelezo yale yale yalisema kwamba mshipa wenyewe ukifa, mfupa hausaidii. Aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaendelea kutafuta vipuri.

Alikata ukanda wa chuma, akaupinda ukae kichwani, na kwenye ncha zake akagandisha visahani vinavyotetema. Mulume alikuja amevaa shati la kanisani, limepigwa pasi. Mudathiru alimfunga ile kaski, akapandisha sauti.

"Ninasikia," alisema Mulume.

"Unasikia nini?"

Mulume aliinamisha kichwa. "Ninasikia inatetema."

Mudathiru alijenga nyingine, yenye nguvu zaidi. Safari hii alitafuta sauti ambayo rafiki yake hawezi kuikosa: kwaya ile ile, iliyorekodiwa Mulume akiwa bado anaiongoza. Akina mama walianza peke yao, bila ala, kwa sauti za juu. Mulume alishika visahani kwa mikono miwili, akavikandamiza nyuma ya masikio mpaka ngozi ikawa nyekundu.

"Ni ngoma?" aliuliza.

Mudathiru alizima simu. "Ndiyo," alisema. "Ni ngoma."

Alikuwa katikati ya kujenga ya tatu wakati Laurence, mke wa Mulume, alipofika karakana. Alikuwa na kikapu cha maharagwe cha sokoni. Alikiweka mlangoni, akaingia bila kukaa.

"Papa Rehema," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "ninakuja kukuomba kitu."

"Karibu, Maman Ikirezi. Sema."

"Hiyo kaski unayotengeneza, uiache."

"Hii ni tofauti na zile mbili. Hii nime—"

"Kila mara unasema ni tofauti. Ijumaa anaamka mapema, ananyoa, anavaa. Akirudi hasemi. Hakuli mpaka Jumapili. Kisha anaanza tena kuhesabu siku." Alitazama zile waya. "Anaanza kuzoea, Papa Rehema. Ndiyo kitu ninataka, azoee. Wewe unamurudisha nyuma."

Mudathiru alikuwa na chuma cha kulehemia mkononi. Alikirudisha mahali pake, akachomoa umeme.

"Yeye anasema nini?"

"Hawezi kukuambia uache. Anaona utaumia."

Alichukua kikapu chake, akaaga kwa heshima, akaenda.

Kabla ya msimu wa kupanda, Mulume na Laurence walihamia Gikundamvura, kwenye shamba la familia ya mke. Kule kazi yake haikuhitaji masikio. Mudathiru alifunua lampi, akajenga ampli peke yake. Iliwaka vizuri. Alivaa kaski, akasikiliza, akavua, akavaa tena. Ilionekana kama kuna mvumo mdogo upande mmoja, halafu ilionekana kama haupo. Mita ilisema pande zote ziko sawa. Aliisikiliza Ijumaa kadhaa bila kuifunga parafujo, mwishowe akaanza kuwafungulia wateja siku hiyo pia.

Alikwenda Gikundamvura mara moja. Mulume alikuwa shambani, analima, amempa mgongo. Mudathiru alimwita kwa mazoea, kisha akakumbuka. Hakutaka kumshtua kwa kumgusa. Alisimama kwenye tuta mpaka rafiki yake alipogeuka mwenyewe kushika tuta jingine.

Walipeana mikono kwa muda mrefu. Mulume alikuwa amekonda. Sauti yake ilikuwa imebadilika pia, ikipanda na kushuka bila mpango, kama ya mtu asiyejua ukubwa wake.

"Ulijenga ile ya lampi?" aliuliza kwa nguvu.

Mudathiru alitikisa kichwa kukubali.

"Iko je?"

Mudathiru alihakikisha uso wake uko penye mwanga. "Sijui," alisema, polepole, ili midomo isomeke. "Bado sijaifunga parafujo."

Mulume aliitazama midomo hiyo kwa muda, kama anangoja iongeze neno. Ilipotulia, aliokota jembe lake.