Bakuli la Bi Mwanakombo

Jumamosi adhuhuri inanikuta bado kitandani, na sioni aibu. Mke wangu Asumpta amekwenda Songea na watoto kwenye kipaimara cha mpwa wake, nami nimebaki peke yangu kwenye fleti yetu ya Ilala, ghorofa ya tatu, bila mtu wa kuniuliza nimekula nini. Nilipanga kwenda ufukweni, nikaghairi. Nikapanga kunyoa nywele, nikaghairi. Mlangoni panabishwa. Baba Gaudensi, hodi. Ni Bi Mwanakombo, mjane wa ghorofa ya chini. Alhamisi aliniletea mbaazi za nazi kwenye bakuli lake la maua. Mbaazi nimezimaliza, bakuli liko jikoni, na bakuli la jirani halirudishwi tupu, nami sina hata chungwa la kutia ndani. Basi nanyamaza. Hodi ya pili inatoka nyembamba, kama ya mtu aliyeegemea ukuta. Nabana pumzi, nabana mpaka macho yanajifumba yenyewe, na mlango unakuja hadi kitandani, nami napita.

Nje hakuna ngazi. Kuna mtaa, na ni huu huu wa Ilala, ila majengo yote ni ya vioo, na ndani ya kila kioo kuna mtaa mwingine ambako mimi mwingine anatembea akinipa kisogo. Nimebeba bakuli, nalo lina joto. Najua, kama mtu ajuavyo ndotoni, kwamba lazima nimfikie Bi Mwanakombo kabla hajapiga hodi ya tatu, maana ya tatu isipoitikiwa mtu huondoka, na huyu akiondoka harudi. Naharakisha. Njia inapita msikitini, inapita kwa kinyozi, inarudi msikitini, inapita kwa kinyozi. Kwenye kona amesimama mzee wa kanzu, na pale pa uso pana ngozi tupu. Shikamoo mzee, namtafuta Bi Mwanakombo. Kitendawili, anasema. Tega, najibu, maana mdomo umezoea. Nala mikononi mwake, uso wake siujui. Mzee wangu, sina muda wa vitendawili. Basi nipe mji. Nampa Dodoma, anakataa. Nampa Songea, moyo ukiniuma kwa ajili ya wanangu, anakataa pia. Nipe huu unamokaa. Nampa Dar es Salaam, na hapo hapo vioo vinaanza kuzimika kimoja kimoja, mtaa baada ya mtaa, na jibu hanipi.

Nakimbia. Miguu inakwenda, njia haiendi. Mama mmoja anakaanga mihogo, naye hana uso, lakini jina langu analo. Baba Gaudensi, huyo unayemtafuta yukoje? Anavaa kandambili, nasema. Kandambili nani hana? Ana sauti ya kukwaruza kidogo. Usoni yukoje? Nafungua mdomo. Miaka minne napokea vyakula vyake mlangoni, macho yangu kwenye sahani, natazama kama ni wali au ni maandazi. Sikumbuki kama ana mwanya, sikumbuki hata kama ana miwani. Sijui, nasema, na nasikia haya mpaka shingoni. Ndiyo maana humwoni, anasema mama wa mihogo, na kioo cha mwisho kinazimika.

Naamka, au nadhani naamka. Jua limehama dirishani. Natelemka ngazi pekupeku, na safari hii ngazi zipo, ingawa ni nyingi kuliko ninavyozijua. Mlango wa Bi Mwanakombo umeegeshwa. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Ya tatu siipigi, naingia bila kukaribishwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu. Amelala sakafuni kando ya kochi, ameelekea ukutani, mkono kifuani. Bi Mwanakombo, ni mimi. Nilikuja kwako, anasema polepole, kifua kilinibana, nikasema labda hayupo. Nilikuwepo, mama yangu. Nilikuwepo. Ananiomba nimgeuze, apate pumzi. Namshika bega, lina joto, lakini hata lile bakuli la ndotoni lilikuwa na joto. Nje ya dirisha lake majengo ni ya vioo, na sikumbuki kama siku zote ni ya vioo. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Namgeuza taratibu, na sitazami pembeni.