Miaka ya Mwene Kilungule

Undasi ni nchi ya tambarare pana zilizokauka, ambako mvua huja mara moja kwa mwaka na hofu haiondoki kabisa. Katikati yake, juu ya kiti cha enzi, umetanda mti mmoja mkubwa wa myombo, nao huchanua majani mekundu kabla tone la kwanza halijaanguka, kwa wanga uliouhifadhi mizizini tangu majani ya mwaka uliopita yalipopika chakula kwa jua. Desturi kuu za Undasi ni mbili: kila mti uchanuapo, mtawala huongezewa mwaka wa kutawala, na neno lake ni amri pale tu anapokaa kivulini mwa mti huo.

Mwene Kilungule, mtawala mwenye uchu wa miaka, alijiona mjanja. Akaamuru majani yapukutishwe yangali machanga, mti uchanue tena, naye apate mwaka mwingine. Ukachanua. Ukapukutishwa. Ukachanua tena, vijani vidogo vilivyosinyaa, na washauri wake, watu wa kula na kunyamaza, wakapiga makofi huku wakikwepana macho.

Nyamizi, mke wake mdogo, ndiye aliyekuwa akiumwagilia mti.

"Mwene, akiba ya mizizi inakwisha," alisema amepiga magoti. "Majani hayaachwi yakapika chochote. Nakusihi, tuupumzishe."

"Yapukutisheni," Mwene akaamuru. "Na mti usipochanua, mke wangu, tutajua ni wewe uliyeuroga. Utazikwa hapo hapo shinani."

Tangu hapo Nyamizi aliishi roho mkononi. Kila asubuhi aliyapapasa matawi akitafuta chipukizi, na vidole vyake vilirudi na vumbi tupu.

Siku ambayo mti ulitarajiwa kuchanua tena ikafika, matawi yakiwa matupu. Jua la utosi lilimwangukia Mwene kitini.

"Mkamateni huyu mchawi!"

Kasanda, mkuu wa walinzi, akainua mkuki, akapiga hatua, kisha akatazama chini. Miguuni pa Mwene palikuwa peupe kwa jua.

"Nimesema mkamateni!"

"Tumekusikia, Mwene," Kasanda akajibu. "Tunasubiri kivuli."

Hakuna aliyesogea. Nyamizi alibaki magotini, hajui kama ameokoka. Walinzi waliyatazama matawi, kisha wakamtazama Mwene, na mikuki yao ilikuwa bado juu. Mwene akainuka taratibu, akalishika tawi la karibu, akaanza kulipapasa akitafuta chipukizi.