Motaboti Isiyo na Farumi

Shemsa aliolewa na Kificho akijua kuwa mumewe hana akili nyingi; asichojua ni kuwa hata hizo chache alikuwa hazitumii. Marehemu baba yake Shemsa alikuwa sarahangi, mkuu wa mabaharia, wa meli za pwani, na tangu utotoni binti huyo alisikia kwao kwamba chombo husimama kwa kilichomo tumboni, si kwa kilichopo kichwani. Kificho alikuwa muuza vitambaa wa Darajani. Aliponunua motaboti, mwaka wa hamsini na nne, jambo la kwanza aliamrisha mawe ya farumi, yale ya kukipa chombo uzito wa chini, yatolewe chini ya sakafu.

"Yananilia mafuta bure," alisema. "Chombo chepesi ndicho kikimbiacho."

"Na huko juu unajenga nini?"

"Ghorofa, Bi Shemsa. Watu wapunge upepo."

"Umetoa uzito chini ukaupandisha juu. Hicho si chombo, bwana. Ni mlevi aliyejitwika mtungi."

Kificho akacheka cheko lake la dukani, lile la kumcheka mteja mshamba.

Jirani yao Mwanakheir ndiye aliyeikodi kwanza, kupeleka harusi Mangapwani. Asubuhi hiyo Shemsa alikwenda gatini Malindi, hapo hapo mjini, kuwasihi wanawake.

"Kaeni chini, ndani, katikati. Juu msipande."

"Wivu huo, shoga yangu," Mwanakheir akamjibu. "Unamwonea wivu mumeo mwenyewe?"

Wakapanda juu wote, na mpiga zumari wao. Kificho, suti nyeupe na tarbushi nyekundu, alisimama kati yao kama kwamba yeye ndiye mwenye harusi.

Kamba zikafunguliwa. Motaboti ikainama kidogo, ikachelewa kuinuka. Shemsa aliuona ule uvivu wa kurudi wima, akapaza sauti.

"Kificho! Washushe!"

Kificho akampungia mkono.

Waliobaki gatini wakapiga vigelegele, na wa ghorofani wakakimbilia upande huo kuwajibu. Motaboti ikalala ubavu, taratibu, kama ng'ombe aliyechoka, isiinuke tena.

Hakufa mtu. Maji yalikuwa mafupi, na wachukuzi wa gatini walijitosa. Mwanakheir alivunjika mkono. Wa kwanza kushika ngazi ya gati alikuwa Kificho, naye aliipanda kwa kukanyaga bega la mpiga zumari.

Jioni, barazani, akawasimulia wanaume wenziwe wimbi kubwa lililowapiga. Shemsa alikuwa nyuma ya mlango. Akavaa buibui, akatoka.

"Wimbi lipi? Bahari ilikuwa shwari kama sinia. Watu walikimbilia upande mmoja, nawe ulishatupa mawe ambayo yangeirudisha motaboti wima."

Mmoja akakohoa. Kificho akaangalia kahawa yake.   Shemsa akachukua bakuli la uji akaenda kwa Mwanakheir, aliyelala mkono umefungwa vibanzi vya mti.

"Nisamehe, shoga," Mwanakheir akalia.

 Shemsa alimlisha uji kijiko kwa kijiko mpaka ukaisha, huku akimdharau yeye pia, kama alivyomdharau mumewe.